Yuko Mwingine Anaitaka

Dirisha la chumba kidogo lilikuwa wazi. Mama Funguo alikuwa amelifunga jana yake kwa mkono wake mwenyewe, akasukuma komeo mpaka likalia, na funguo za nyumba ile tupu aliyopewa kuiuza hakuwa nazo mtu mwingine. Tena chumba kilinukia asumini, manukato mabichi kabisa, kama kuna mwanamke aliyetoka humo sasa hivi.

"Kuna dalali mwenzangu kanizunguka," akajisemea, akanuna. Hofu haikumjia. Kilichomjia ni wivu wa kazi.

Huyu Mama Funguo, mjini pale nani hamjui? Kila Jumamosi asubuhi alisikika redioni akitoa habari za nyumba: mtaa gani umepanda bei, nani anauza na kwa nini, paa lipi limepakwa rangi kuficha kutu. Alikuwa na ulimi, mama wa watu! "Nyumba kaitazameni siku ya mvua," aliwaambia wanunuzi. "Fungueni mabomba yote. Waulizeni majirani. Dalali mwulizeni saa tu, na hata hiyo saa hakikisheni wenyewe." Watu wakacheka, kesho yake wakampigia simu yeye.

Lakini liko jambo ambalo redioni hakulisema. Mteja akianza kujikuna kichwa, akisema ngoja nikafikirie, Mama Funguo alishusha sauti: "Fikiria, baba. Ila yuko mwingine anaitaka."

Huyo mwingine hakuwapo. Njia ya mwongo ni fupi, wamesema wahenga, lakini mama huyu alikuwa ameitembea miaka na miaka bila kujikwaa, kwa sababu uongo wake aliulea. Aliuvisha gauni la kijani. Aliupa viatu vinavyolia kwikwi kila hatua, akaupaka asumini, akaufanya mjane mtulivu mwenye haraka ya kuhamia. Kisha akamalizia kwa ile kauli yake: "Mimi sikulazimishi. Nakuambia tu, usije ukajuta."

Na siku ile ya dirisha, mteja alikuwa mkwewe mwenyewe.

Binti yake wa pekee alikuwa na mimba ya miezi saba, na chumba walichopanga hakikuwa na hata pa kuanika nepi. Mkwe alikuwa fundi wa mafriji, mtu wa kupima mara mbili kabla ya kukata. Alizunguka nyumba nzima akigonga kuta kwa mpini wa bisibisi.

"Nyumba nzuri hivi, mama, mbona imekaa tupu muda mrefu?"

Angekuwa mama mkwe tu, angesema sijui. Lakini ulimi ulishazoea. "Haikai, baba. Yuko mama mmoja anaitaka, jana tu alikuwa hapa. Chumba hiki kidogo amekipenda mno. Anasema ndicho cha mtoto."

"Ana mtoto?"

"Hana. Anamtafuta."

Maneno hayo ya mwisho hakuwahi kumwambia mteja yeyote, wala hakujua yametoka wapi. Nyuma yao komeo la dirisha likalia, ka! Mkwe akashtuka, akacheka, akasema upepo. Juma lile lile akanunua.

Mwezi haukuisha, binti akapiga simu mchana.

"Mama, unakuja lini?"

"Mbona unanong'ona?"

"Asinisikie."

"Nani?"

"Yule mama. Anakuja kila mchana mume wangu akiwa kazini. Anabisha hodi, anauliza kama nyumba bado inauzwa. Namwambia imeshauzwa, anasema hapana, mimi niliahidiwa." Binti akazidi kunong'ona. "Leo hakubisha, mama. Leo yuko ndani."

Mama Funguo alitoka na kandambili za nyumbani. Alimkuta mwanawe ameketi sakafuni jikoni, mgongo kwenye friji, mikono miwili juu ya tumbo, jua la saa nane limejaa dirishani na watoto wa jirani wanacheza mpira nje kama kawaida.

"Yuko wapi?"

Binti akaweka kidole mdomoni.

Kwikwi. Kwikwi.

Viatu vilitoka sebuleni, vikapita ukumbini polepole kama vya mtu anayekagua kuta, vikasimama mlangoni mwa jikoni ambako hapakuwa na mtu, vikakaa hapo muda wa kutosha harufu ya asumini kuingia na kuwafikia walipokuwa, kisha vikageuka vikaenda zake chumba kidogo, na huko wakasikia kitanda cha mtoto ambacho mkwe alikiunga mwenyewe kikibembezwa, na sauti ya mwanamke ikibembeleza, taratibu, kama anayembembeleza mtoto wa kwake.

"Amevaaje akija?" Mama Funguo aliuliza, na moyo ulikuwa umeshajua.

"Gauni la kijani. Mama, anasema chumba ni chake, na atakayelala humo ni wake."

Mama Funguo akavua kandambili zake. Alikwenda chumba kile akishika ukuta. Hapakuwa na mtu. Kijiblanketi kitandani kilikuwa kimebonyea katikati, kama mtoto ameinuliwa sasa hivi, na alipoweka kiganja, palikuwa na joto.

Walijaribu kuhama. Walilala kwa rafiki wa mkwe, ng'ambo ya mji, na asubuhi binti akaamka tumbo lake linanukia asumini. Wakarudi, maana kukimbia hakukuwafaa kitu.

Ndipo akaletwa mganga, mwanamke mnene, mpole wa sauti, aliyesifika kwa kutoa majini yaliyoshindikana. Alifukiza ubani chumba hadi chumba, na moshi ukamfuata vizuri tu. Walipofika chumba kidogo, moshi ukasimama kizingitini, ukarudi nyuma. Mganga akakitazama chetezo chake, akakizima.

"Huyu hakuvamia," akasema. "Huyu aliitwa. Wako wasio na makao, wanapita, wanasikiliza. Ukisimama ndani ya nyumba tupu ukasema yuko anayeitaka, basi atakuwapo anayeitaka. Nani alimwita?"

Mkwe akageuka taratibu. "Mama. Yule mjane wako. Hakuwapo?"

Binti akamtazama mama yake, na mtazamo ule ulimuuma Mama Funguo kuliko jini.

"Mfukuze basi," akamsihi mganga. "Nakuomba, mwenzangu. Ni mjukuu wangu wa kwanza."

"Mwizi ningemfukuza. Aliyekaribishwa simuwezi. Aliyempa ahadi akazungumze naye." Akafunga mkoba wake, na hata alipopewa nauli ya kurudi, akaisukuma pembeni, akaondoka haraka.

Mama Funguo akaingia peke yake, akaurudisha mlango. Mwanamke alikuwa ameketi pembeni mwa kitanda, gauni la kijani, mikono mapajani, mtulivu kama alivyomsimulia sikuzote. Uso wake ulikuwa wa mtu yeyote.

"Nilidanganya," Mama Funguo akasema. "Hukuwapo. Nilikubuni mimi."

"Mbona nilikusikia?"

"Nilikuwa nafanya biashara tu, mama. Nisamehe. Mwache mwanangu."

"Miaka yote unanipeleka nyumba hadi nyumba," mwanamke akasema, bila hasira hata kidogo. "Unanionyesha jiko, unanionyesha vyumba, kisha unampa mtu mwingine ufunguo. Nimechoka kutazama."

"Nikupe nini?"

"Nyumba. Yenye chumba ambacho mtoto amewahi kulala. Kama yako."

Yake! Nyumba aliyojenga na marehemu mumewe, tofali kwa tofali, ambako urefu wa binti ulikuwa bado umechorwa kwa mkaa kwenye fremu ya mlango. Ndiyo kitu pekee alichokuwa nacho duniani. Hakuwa na pengine pa kwenda.

"Ngoja..." akasema Mama Funguo, akajikuna kichwa. "Ngoja nikafikirie."

Mwanamke akainama karibu, akashusha sauti.

"Fikiria, mama. Ila hii ya binti yako, yuko mwingine anaitaka. Nikipata yako leo, naondoka na mlango naufunga nyuma yangu. Ukichelewa, atawahi yeye. Na yeye habishi hodi."

"Yuko kweli? Au unanitisha tu?"

Akauchunguza uso ule, akitafuta jicho linalokwepa, mdomo unaocheza, chochote. Hakuona kitu. Wateja wake wote walikuwa wamemtazama yeye hivyo hivyo, na hakuna aliyewahi kuona kitu.

"Mimi sikulazimishi," mwanamke akasema. "Nakuambia tu, usije ukajuta."

Mama Funguo akachomoa ufunguo wa nyumba yake kati ya funguo zote za watu, akauweka kwenye kiganja baridi. Viatu vikatoka, kwikwi, kwikwi, vikapita ukumbini, mlango wa mbele ukafungwa. Jikoni binti akaangua kilio cha furaha.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, mnene, ana mapafu ya mnadi samaki. Hakuna aliyesikia tena asumini. Watu wapitao kwenye nyumba ya Mama Funguo huona pazia la kijani, wanadhani ameuza kwa bei nzuri, na redioni wanauliza mbona siku hizi hasikiki.

Yeye hulala kwa binti yake, kwenye mkeka, mlangoni mwa chumba kidogo. Mchana vilevile hukaa hapo hapo, macho kwenye komeo la dirisha. Mkwe alishamsamehe, na mara nyingine humletea chai, akachuchumaa kando yake.

"Mama, si aliondoka? Sasa unamngoja nani?"

"Sijui, baba," husema Mama Funguo, bila kuondoa macho dirishani. "Sijui kama huyo mwingine yupo."