Mwenyewe Hajulikani

Maoni ya kwanza yaliandikwa Jumanne moja ya mwezi wa sita, mwaka wa tisini na nane, na mgeni aliyekuja na kundi la akina mama kutoka Athi River. Kalekye aliyasoma jioni kabla ya kufunga. Alisoma kitabu cha wageni kila jioni, maana katika kazi ile hakuna mwingine aliyemsifu. Yaliandikwa hivi: "Tumefurahi sana. Yule mama mzee wa pale kwenye ngoma ametuelezea vizuri mno. Mwongezeeni mshahara."

Kalekye akacheka. Makumbusho yenyewe yalikuwa nyumba ya vyumba vitatu iliyoachwa na mkoloni, juu kidogo ya mji wa Machakos, na wafanyakazi walikuwa wawili tu: yeye, wa kutembeza wageni, na Bwana Wathome, mhifadhi, wa kukaa ofisini na kunywa chai. Ana miaka thelathini na minne, halafu ati mama mzee! Alijitazama kwenye kioo cha kabati la pinde na mishale, akakaza kitambaa cha kichwa, akasema wanawake wa Athi River nao wana macho mabovu.

Ndipo akakumbuka kwamba siku ile yeye hakufika kwenye ngoma. Walipoingia chumba cha tatu aliitwa ofisini kupokea simu, akawaacha wageni peke yao kama robo saa.

Wiki iliyofuata mwanafunzi wa chuo aliandika: "Asante bibi kwa kutuonyesha ngoma inavyoshikwa." Siku mbili baadaye mwingine akaandika: "Bibi ni mcheshi, lakini ugoro wake unachoma pua." Hapo Kalekye hakucheka tena. Aliingia chumba cha tatu, jua likiwa bado kali dirishani, akanusa. Ugoro. Ugoro na mafuta ya mbarika, yale ya kupaka ngozi ya ngoma isipasuke. Kabati la kioo lilikuwa limefungwa kwa kufuli, na ufunguo alikuwa nao yeye mfukoni.

Sasa acha niseme wazi jambo ambalo Kalekye mwenyewe hakuwahi kulisema. Ngoma ile ilikuwa ya mama yake.

Mama yake aliitwa Ndanu, wa kule Mitaboni, na alikuwa mpigaji wa kilumi, ile ngoma ya akina mama wazee inayopigwa mvua ikikataa au mtu akishikwa na vitu visivyoonekana. Alipokuwa akifa, mwaka uliotangulia, alimwambia Kalekye maneno mawili tu: ngoma apewe Munyiva, mwenzake wa kupiga, na isilale misimu miwili ya mvua bila kuguswa. Lakini Kalekye alikuwa mwimbaji wa kwaya, na katika kanisa lake kilumi ilitajwa pamoja na ulevi na uchawi. Tena wakati huo alitafuta kazi, na Wathome alitafuta vitu vya zamani vya kujaza makabati. Basi akaitia ngoma kwenye gunia la mahindi, akaileta mjini, akasema ameipata kwa ajuza mmoja aliyekufa bila watu. Kazi akapewa palepale. Kadi akaiandika mwenyewe, kwa ule mwandiko wake mzuri: "Ngoma ya kilumi. Mwenyewe hajulikani."

Bila watu! Na yeye ndiye aliyemfunga yule mama sanda.

Kalekye alikuwa na mtoto mmoja, msichana wa miaka kumi, na kwa desturi ya Wakamba alikuwa amempa jina la huyo mama yake, Ndanu. Kwa sababu ya jina hilo alimwita mtoto "mwaitu", yaani mama yangu, kwa mapenzi, kama wengi wanavyofanya. "Mwaitu, kuja ukule." "Mwaitu, viatu umeacha wapi?" Mtoto aliwahi kuuliza ngoma ya susu, nyanya yake, ilienda wapi. Kalekye akamwambia ilichomwa. Akija kumchukua mama yake jioni, mtoto alingojea langoni. Ndani hakuruhusiwa hata siku moja.

Mwezi wa saba alikuja Diriye, mfanyabiashara wa mbuzi mjini, mtu mpole mwenye ndevu zilizotiwa hina, pamoja na mkewe Hafso. Kalekye aliwatembeza chumba cha kwanza na cha pili, wao wakatangulia kuingia cha tatu. Diriye akatoka upesi, amemshika mkewe mkono.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini, "yule mama aliyekaa kando ya ngoma ni nani?"

"Hakuna mtu huko, mzee."

"Nimemsalimu. Nimemsalimu mara tatu. Ameniangalia, amecheka, hajajibu." Akatazama nyuma. "Mtu akisalimiwa anajibu, hata kama ni adui. Kile si kitu cha kujibu salamu. Kile kinangojea kijibiwe."

"Unanitisha, mzee."

"Sikutishi. Tafuta mwenyewe wa hiyo ngoma." Aliondoka bila kuandika chochote kitabuni.

Jumamosi Kalekye alienda Mitaboni. Munyiva alikuwa ameketi uani akipukuchua mahindi, mwanamke mkavu mwenye macho makali, na hakumkaribisha kwenye kiti.

"Nilijua utakuja. Nilidhani utakuja mapema."

Kalekye akamweleza yote, akilia. Munyiva aliendelea na mahindi yake.

"Mama yako amelala, usimsingizie. Huyo ni yule aliyekuwa akija mama yako akipiga. Sisi tunasema aimu, Waislamu wa mjini wanasema jini. Muite utakavyo, yeye hajali. Alizoea kupigiwa na kutajiwa mwenye ngoma, ndipo anatulia. Wewe umemfungia kwenye kioo, na juu yake umeandika kwamba hana mtu. Mvua mbili zimepita. Sasa anatafuta mtu."

"Nifanye nini?"

"Simama mbele ya watu, useme: hii ni ngoma ya mama yangu, na mimi ndiye niliyemkana. Mbele ya watu, Kalekye. Si peke yako chumbani. Halafu niletee ngoma nipige."

"Wathome atanifuta kazi. Na kanisani..."

"Uko na mtoto mwenye jina lake," Munyiva akamkatiza. "Ukimkana tena, atamchukua huyo. Sasa chagua kati ya kwaya na mtoto."

Unadhani alichagua? Binadamu ni mtu wa ajabu. Jumatatu, saa saba, Wathome akiwa ameenda kula, Kalekye alifunga mlango wa mbele, akaingia chumba cha tatu, akasema kwa kunong'ona, midomo karibu na kioo: "Hii ni ngoma ya mama yangu." Akangoja. Ndani ya kabati kidole kikagonga ngozi mara moja, du, taratibu, kama mtu anayesema nimesikia, endelea. Hakuendelea. Alifungua mlango, akajiambia amekwisha kusema.

Jioni Wathome akamwambia kwamba Ijumaa darasa la nne la shule ya kule Mumbuni litakuja. Lilikuwa darasa la Ndanu. Mwalimu wao, Kilonzo, alikuwa pia mzee wa kanisa la Kalekye.

Asubuhi ya Ijumaa alimwambia mtoto asiende shule. Alimpapasa paji la uso, akasema lina joto, akamwachia uji, akamwapisha asitoke. Mtoto hakuwa na joto lolote, na alikuwa ameingojea ziara hiyo wiki nzima. Saa nne Kalekye alisimama langoni akaona mstari wa sare za buluu ukipanda kilima, na katikati ya mstari Ndanu wake, soksi zimevutwa hadi magotini, anampungia mkono.

Alichanganyikiwa. Alichukua nusu saa kwenye mishale. Alieleza vibuyu, akaeleza mizinga ya nyuki, akaeleza mizinga mara ya pili mpaka watoto wakaanza kupiga miayo na Mwalimu Kilonzo akatazama saa. "Madam, tuendelee," mwalimu alisema. "Wanataka kuona ngoma."

Wakaingia.

Ndanu aliliona kabati, akasimama, uso ukamng'aa. "Mama!" alisema kwa sauti ambayo darasa zima lilisikia. "Si hii ni ngoma ya susu? Si ulisema ilichomwa?"

Mwalimu Kilonzo akageuka polepole, nyusi juu. Mlangoni alisimama Wathome, kikombe mkononi. Watu ndio hao. Munyiva alitaka watu, na Mungu alikuwa amemletea watu arobaini na mtoto wake mwenyewe wa kumfungulia mdomo. Ilibaki kusema ndiyo tu. Neno moja.

"Huyu mtoto amekosea," Kalekye alisema, akacheka kicheko kidogo kibaya. "Alikuwa na homa asubuhi. Ndanu, soma kadi. Imeandikwa nini?"

Mtoto akasoma. "Mwenyewe hajulikani."

Darasa likaangua kicheko. Ndanu akainamisha kichwa, masikio yakamwiva kwa aibu, na ndani ya kabati kidole kikagonga, du, halafu viwili, halafu kiganja kizima, na hakuna mtoto aliyegeuka kwa maana hakuna aliyesikia isipokuwa mama na binti, na harufu ya ugoro ikajaa chumba mpaka Kalekye akahisi machozi, akataka kumshika mtoto mkono amtoe nje lakini katikati yao kulikuwa na watoto, mabega na vichwa na sare za buluu, akasukuma, akasema nipisheni, nipisheni, na wao wakadhani ni mchezo wakazidi kubanana, na ngoma ikazidi, ule mwendo hasa aliokuwa akiusikia utotoni akiwa amefungwa mgongoni mwa mama yake, na kutoka upande wa pili wa chumba akamwona Ndanu akiinua kichwa taratibu, aibu imekwisha usoni, akimtazama kwa macho ya mtu mzima aliyechoka kungoja.

"Wakya, Kalekye," mtoto alisema.

Hiyo ndiyo salamu ambayo kwa Wakamba mkubwa humpa mdogo. Mtoto hamwambii mama yake hivyo, hata kwa utani, atachapwa. Lakini Kalekye alikuwa ameamkiwa hivyo kila asubuhi ya utoto wake, kwa sauti hiyohiyo, na mdomo wake ulikuwa umejibu kabla yeye hajafikiri.

"Aa," aliitikia.

Ngoma ikanyamaza. Ndanu akaketi sakafuni kando ya kabati, kimya, na hajasema neno tangu siku hiyo.

Munyiva alikuja mjini na wanawake wake sita. Waliomba ngoma. Wathome akasema haiwezekani, imeshaandikishwa, ina namba, kuitoa kunahitaji barua na barua inahitaji kujibiwa. Wakapiga kwa ngoma nyingine, uani kwa Kalekye, siku tatu mchana kutwa, mtoto amekalishwa katikati na unga wa wimbi umemwagwa miguuni pake. Siku ya tatu Munyiva alifuta jasho, akaziweka fimbo chini.

"Mtoto hapa hayupo," alisema kwa sauti ndogo. "Hiki ni chombo tu. Aimu ameshaenda naye kule kwenye kioo. Nani aliitikia salamu yake?"

Kalekye akainama, akaanza kuukusanya unga wa wimbi.

Jumapili alisimama kanisani, mbele ya wote, akasema kila kitu: ngoma, gunia, kadi, uongo. Akangoja mbingu zianguke. Mwalimu Kilonzo alikohoa. Kwaya ikaimba wimbo uliofuata. Mlangoni wakati wa kutoka, mama mmoja mnene wa chama cha akina mama alimshika bega akamnong'oneza, "Pole, dada. Hata yetu iko kwa ghala. Nani hana?" Wathome naye hakumfuta kazi. Alifurahi, kwa kweli. Alisema kitu chenye mwenyewe kina thamani zaidi, akamwambia aandike kadi mpya. Kanisa na kazi: hivyo ndivyo vitu viwili alivyoviogopa mpaka akamuuza mtoto wake, na vyote viwili havikuwa hata na meno.

Kadi mpya ipo mpaka leo: "Ngoma ya Ndanu wa Mitaboni, mama yangu." Nyumbani mtoto anakula akilishwa, anaoga akiogeshwa, anatazama ukuta. Saa saba mchana vidole vyake hugonga meza. Kalekye humwita, "Mwaitu, mwaitu," naye hageuki.

Watu humuuliza mbona hajaacha kazi ile. Hawajui. Kila jioni, wageni wakiisha, yeye hukaa chumba cha tatu, na haoni mtu wala hasikii kitu. Kwake kabati ni kabati tu. Kisha hufungua kitabu cha wageni na kutafuta kwa kidole, mstari kwa mstari, habari za mwanawe. "Yule msichana anaongea vizuri, tena ana heshima." Hilo alilisoma mwezi wa tisa, akalia kwa furaha, Mungu amsamehe. "Msichana ametuimbia." Hilo alilinakili kwenye karatasi, akalitia ndani ya Biblia.

Mwezi wa kumi na moja, mvua zikianza, familia moja ya kutoka Nairobi iliandika maoni marefu, kwa kalamu nyekundu, mwandiko wa mtoto wa shule. Kalekye aliyasoma amesimama, kisha akayasoma ameketi:

"Hii ndiyo sehemu tuliyopenda zaidi. Bibi na msichana wake walitufundisha kupiga. Tulimuuliza msichana mama yake ni nani tumshukuru. Akasema hajulikani."