Nilimuaga Mume Wangu Kabla Cheti Hakijatoka

Mimi ni bibi wa miaka sabini na mitatu. Hiyo ni hesabu ya padri aliyenibatiza, kwa hesabu ya magoti yangu ni zaidi! Nimezaliwa Puge, nikaolewa Ntalikwa. Shule nilisoma mpaka la pili, nikatolewa nikalee mdogo wangu. Basi naandika kama ninavyosema. Mkikuta nimekosea chekeni tu, hata mimi nacheka... Lakini mkifika mwisho mtaona kicheko changu kina nyongo ndani.

Kilichonishikisha kalamu ni mjukuu wangu Tabu. Amekuja juzi anameremeta kama sufuria mpya.

"Bibi, naenda Uarabuni kufanya kazi! Jumamosi watu wanakuja kuniaga, na wewe ndiye utanipulizia unga."

Nikamwuliza, viza imetoka?

"Bado, bibi, lakini wakala kasema haina shida. Nikifika naanza kutafuta kazi, mengine yatakuja nyuma."

Haina shida! Nilikaa chini, wasomaji wenzangu. Maana maneno hayo mimi niliyasema kabla mama yake Tabu hajazaliwa...

Siku hizo alikuwapo Mwingereza. Nilikuwa na miaka kama ishirini, mume wangu Maganga. Jamani, Maganga! Mrefu, mpole, akicheka unaona pengo la jino la mbele, na pengo lile ndilo lililoninasa mimi. Tulilima mtama na karanga. Tulikaa na mama yake, wote tulimwita mayu, ndiyo mama kwa Kinyamwezi. Mayu alinipenda. Nilipoolewa alinipa mtwangio wake mwenyewe, mnajua maana yake hiyo?

Shida yangu ilikuwa jirani, Kalunde. Mume wa Kalunde alikuwa amevuka Ziwa Tanganyika, yuko Katanga, Kongo kwa Mbelgiji, kwenye migodi ya shaba. Kila akija nyumbani analeta kitu. Mara blanketi, mara mabakuli ya bati yenye maua mekundu. Kalunde alikuwa anayaosha mabakuli yale nje, mchana kweupe, hata siku ambayo hayakutumika! Maua yanang'aa mpaka kwangu. Roho ikawa inanichoma... Nikamganda Maganga, na wewe nenda.

Maganga alikubali, lakini alikuwa mtu wa utaratibu. Akaenda mjini Tabora, boma kwa serikali, akaomba cheti cha kuvukia. Wakampaka wino kidole gumba, wakakibandika kwenye karatasi. Karani akamwambia karatasi zinakwenda kwa Mbelgiji, jibu likirudi cheti kitaletwa nyumbani na tarishi. Asivuke bila cheti. Ng'ambo kule asiye na cheti haandikwi kazi mgodini, anakamatwa.

Tukangoja. Mwezi ukaandama, ukafa, ukaandama mwingine. Nikienda kisimani Kalunde yuko pale, kashika kiuno.

"Nyamizi mwenzangu, huyo mumeo anakwenda Kongo au anamposa karani?"

Wanawake wakacheka mpaka ndoo zikamwagika. Nami nikacheka, nitafanyaje? Lakini nilirudi nyumbani natembea kama nimekanyaga miiba.

Siku moja Maganga akarudi kutoka boma. Akasema jina lake limo kwenye barua iliyokwenda ng'ambo, jibu bado. Nikamwambia, kama jina limo si imekwisha? Haina shida! Nenda kaanze kutafuta kazi, karatasi itakuja nyuma.

"Jina ni jina, karatasi ni karatasi," akasema. "Tungoje, mama."

Sikungoja!

Kesho yake Maganga yuko shamba, nikamwendea mayu, nikapiga magoti.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umevaa kanga ya sikukuu?"

"Mayu, cheti cha Maganga kimetoka."

Uongo mtupu! Ulitoka laini kama uji. Nilijiambia cheti kitafika wiki hii au ijayo, na uongo wangu utajigeuza kuwa kweli wenyewe, nani atajua? Nilitaka watu waje kwangu, Kalunde aje, aone mume wangu anaagwa. Basi. Ndicho nilichotaka.

Sasa mnielewe, maana vijana hamjui. Kwetu sisi, ambao babu zetu walibeba mizigo ya misafara kwenda pwani na kwenda Ujiji, kumuaga mtu si kumpa mkono. Mama mtu anachukua maji yenye unga wa mtama, anayajaza mdomoni, anampulizia mwanawe. Msafiri anatoka bila kugeuka nyuma. Kigoda chake kinapinduliwa, miguu juu. Tangu hapo halali tena katika nyumba ile mpaka aende alikokwenda na arudi, na akirudi, kinywa kilichomtoa ndicho kinampokea, na mwenye kinywa hicho ndiye anakigeuza kigoda. Akirudi njiani bila kufika, ni nuksi kwa nyumba nzima. Mila ile hakuna aliyeichezea.

Mimi niliichezea.

Pombe nikaipika, Maganga nikamwambia ni ya wakulima, mayu nikamwomba tumshtukize; siku ikafika, mbuzi akachinjwa, watu wakajaa. Maganga anatoka shamba na jembe begani, anakuta ngoma! Mayu yuko mlangoni, ameshajaza maji ya unga mdomoni, mashavu yamevimba, anangoja mwanawe ainame. Maganga akanitazama. Sijalisahau jicho lile mpaka leo. Angesema nini? Amwambie mama yake mbele ya kijiji kwamba mkewe mwongo?

Akaweka jembe chini. Akainama.

Mayu akampulizia, unga ukamkaa kwenye nyusi. Akatoka bila kugeuka, na hakunisema. Aliuficha uongo wangu kwa kichwa chake mwenyewe... Niambieni, mwanaume kama huyo unampata wapi tena?

Kongo angekwendaje bila cheti? Akaenda mjini kwa rafiki yake Rashidi, fundi cherehani, akawa analala barazani kwake pamoja na vitambaa vya watu. Akaniambia, "Nitangoja hapa hapa. Kikija niletee. Mayu asijue tu." Maili chache kutoka nyumbani kwake, na kurudi hawezi! Nikawa nampelekea ugali kwenye kikapu, juu naweka karanga, nikikutwa nasema nakwenda kuuza.

Wiki ya tatu Kalunde akanifuata mpaka uani.

"Nimemwona msafiri wako sokoni, ananunua ndizi. Kongo imehamia Tabora siku hizi? Au mayu wako alipuliza kidogo, unga haukufika mbali?"

Hapo ndipo nilipomaliza kuharibu. Nikaenda mjini mbio. Sikumwamkia hata Rashidi. Nikamwambia Maganga amenitia aibu, kesho mama yake atajua, aondoke leo. Akasema tuvumilie, siku chache tu. Nami nikamwambia neno ambalo kama maneno yangekuwa yanarudishwa mdomoni, ningelimeza hata kama lina mawe.

"Babu yako alikwenda Ujiji kwa miguu, pembe ya ndovu begani, hakuomba karatasi ya mtu. Wewe unaogopa nini? Unaogopa maji?"

Rashidi akaacha kushona. Maganga akakunja blanketi lake taratibu, kona kwa kona.

"Sawa, Nyamizi," akasema. Akaenda stesheni.

Siku tano, wasomaji wangu. Siku tano! Natwanga uani, nikaona kofia ya tarishi. Mayu ndiye aliyekuwa karibu na njia, akapokea karatasi kwa mikono miwili.

"Cheti cha Maganga hicho, mama. Avuke salama."

"Cheti gani tena?" mayu akauliza. "Si alishakipata?"

"Hakuna kingine, mama. Hiki kimefika jana."

Mayu akageuka akanitazama. Mtwangio ukaniponyoka, ule ule alionipa. Alikuwa hajui kusoma, lakini siku ile alinisoma mimi kama kitabu. Hakupiga kelele. Heri angenipiga!

"Umenifanya nimtoe mwanangu kwa uongo," akasema. Akaingia ndani.

Nikafunga cheti kwenye pindo la kanga, nikapanda treni kwenda Kigoma, mara yangu ya kwanza kupanda treni, natapika njia nzima, nadhani ni treni kumbe ni mimba. Nikafika ofisini bandarini. Bwana wa ofisi ile akakitazama cheti, akasema kizuri, hakina kasoro.

"Mwenye kidole hiki yuko wapi?"

Nikanyoosha mkono kwenye ziwa. Watu walishaniambia, amevuka juzi kwa mtumbwi wa wavuvi, pamoja na wengine wasio na karatasi.

"Basi, dada, hapa umeshika karatasi tu," akasema. "Huyu alitakiwa avukie mbele yangu."

Nilikaa ufukweni siku nne, namwuliza kila anayeshuka. Hakuna. Nikarudi.

Yaliyompata nilikuja kuyasikia baadaye, alipowasimulia wazee. Alikwenda mgodi wa kwanza, wakasema cheti? Wa pili, cheti? Wa tatu wakamwitia askari, akakimbia. Akaangukia kwa bwana mmoja aliyekuwa anawaokota watu wa namna hiyo, akiwapasulisha mawe. Ukilalamika anakwambia nenda polisi, kawaambie huna karatasi. Miaka inapita! Siku moja jiwe likamwangukia mkono wa kulia, likaondoka na kidole gumba. Mkono ulipopona, kazi hawezi tena, yule bwana mwenyewe akamkabidhi kwa askari. Akafungwa, ndipo akarudishwa.

Huku nyumbani nilijifungua binti, ndiye mama yake Tabu. Mayu alimlea, alimwimbia, alimwogesha, lakini mimi aliniitikia shikamoo tu. Masika ya tatu akaugua. Siku anakata roho aliniuliza, "Akirudi, nani atampokea?" Nikasema mimi nipo, mayu. Akanitazama... akageukia ukutani.

Maganga alirudi mwaka wa saba, jua la saa sita. Nilimjua kwa urefu tu. Alisimama nje ya kizingiti, hakuingia.

"Mayu yuko wapi?"

Nikamwonyesha kaburi, pale kwenye minyaa. Akaenda akakaa chini. Binti yake akajificha nyuma ya kanga yangu. Kalunde alikuja na maji kwenye bakuli la bati, naye alishazeeka kwa kungoja, maana mumewe alioa huko huko Katanga. Maganga akanywa, akalitazama bakuli. Maua yameshababuka.

"Ndiyo haya mabakuli?" akauliza.

Kalunde akalia. Nikaingia ndani nikaleta cheti, labda nilidhani kitanisaidia, sijui! Akakikunjua. Kidole chake kiko pale, cha wino, kizima. Akaweka mkono wake kando, pale pasipo na kidole.

"Kilikuja lini?"

Ningeweza kudanganya tena. Mungu ananiona, ulimi ulikuwa tayari.

"Siku tano baada yako," nikasema.

"Siku tano." Akacheka, nikaliona lile pengo... Halafu akainuka. "Nyamizi, mimi nilitolewa, sijapokelewa. Humo siingii."

Nililia, niligaagaa, wazee wakamsihi. Hakuingia. Alikwenda Igalula, akajenga kibanda karibu na stesheni, akapata mke mwingine, akafia huko. Binti alikuwa anakwenda kumwona. Mimi hakuniita hata siku moja, na hakunitukana hata siku moja.

Wajukuu zangu mnaosoma hapa, safarini nendeni! Kwetu watu wameanza kusafiri zamani, siwakatazi. Lakini msiage mtu, msiuze kitanda, msiache kazi, msivuke kwenda kutafuta kibarua cha watu wakati karatasi yenu bado iko mezani kwa mtu mwingine. Asiye na karatasi ugenini, kila mtu ni bwana wake. Na nyinyi mama na wake, msiwasukume watu wenu kwa sababu ya mabakuli ya jirani. Yanababuka!

Tabu nimemwambia: unga upo, maji yapo, mdomo wangu upo ingawa meno yamekwenda. Lete viza niishike kwa mkono wangu. Amenuna, hajaja tangu juzi. Na anune. Aliyenuna yuko karibu, utamwona.

Kigoda cha Maganga kiko hapa pembeni ninapoandika. Bado miguu iko juu. Kila nikifagia nakizunguka, maana mwenye kukigeuza si mimi.