Sura Mbili za Kimya

Jumapili haikuwa siku ya mapumziko kwa mama yake Kasi. Siku tano za juma alifundisha darasa la watoto sabini, Jumamosi alikuwa na kikao cha walimu, na Jumapili, baada ya kufua, aliketi mbele ya kompyuta kuukuu ya sebuleni akasoma vitabu kwa sauti. Alikuwa akivirekodi kwa ajili ya wanafunzi wasioona wa shule jirani. Hakuna aliyemlazimisha. Ila wale watoto walikuwa wakimngoja.

Kasi, binti yake wa miaka kumi na mitatu, alipata jina hilo la utani kwa kupenda mchezo wa mbio za magari. Lakini kwenye kompyuta ile magari yalikwamakwama.

"Gari gani hili?" alilalamika. "Hata kobe angetupigia honi tumpishe!"

Kwenye mtandao alisoma kwamba mfumo wa Linux, uliokuwa ukiendesha kompyuta ile, una kerneli, yaani moyo unaounganisha programu na vifaa vyote vya kompyuta. Ukijitengenezea kerneli yako, ukatoa usivyovihitaji, mashine huwa nyepesi. Basi Jumamosi moja, mama akiwa kikaoni, Kasi akaanza kazi. Orodha ya sehemu za kerneli ilikuwa ndefu ajabu. Kila jina asilolielewa alilitoa. Kompyuta ikanguruma saa nne nzima, ikawa ya moto kama pasi. Nafasi ya kuhifadhi ilipoelekea kujaa, aliifuta kerneli ya zamani.

Kweli, magari yalikwenda vizuri zaidi. Si sana, lakini alifurahi.

Kesho yake mama alisoma sura mbili za kitabu cha sayansi, macho kwenye ukurasa, kidole kikifuata mistari. Alipomaliza koo lilikuwa limemkauka. Akabonyeza asikilize. Kimya. Akaongeza sauti. Kimya kitupu.

"Maiki imekufa?" alijiuliza. Akaichomoa, akaipangusa, akaichomeka tena. "Au mimi ndiye niliyekosea kubonyeza? Siku hizi kichwa changu hakinisikii kabisa."

Kasi alikuwa amesimama mlangoni. Alijua. Miongoni mwa majina aliyoyatoa, mawili matatu yalihusu sauti.

"Labda ni waya, mama," alisema.

"Labda." Mama alivuta pumzi ndefu, akafungua tena ukurasa wa kwanza. Akasoma upya. Sauti yake sasa ilikwaruza, na kila baada ya aya moja alisimama kukohoa. Kasi alijaribu kukunja nguo, akashindwa. Alipomwona mama akijikanda shingo huku akiendelea kusoma, alipiga moyo konde.

"Mama, acha kusoma. Hairekodi. Ni mimi."

Akaeleza yote. Mama hakufoka. Alifunika uso kwa viganja. Kasi angependelea kufokewa.

"Mpigie mama yako mdogo," mama alisema mwishowe.

Mama mdogo alikuwa fundi wa kompyuta. Alifika na mkoba wake, macho mekundu kwa uchovu, maana naye alikuwa ametoka kazini.

"Pole, dada," alisema, akaikagua kompyuta, kisha akamgeukia Kasi. "Kerneli ya zamani iko wapi?"

"Niliifuta."

"Ah! Hapo ndipo ulipoharibu. Mpya huwekwa kando ya ile ya zamani, mpaka uhakikishe kila kitu kinafanya kazi. Kilichoondolewa ni kiendeshi cha maiki, ile programu ndogo ya kuitambua. Kompyuta haiioni kabisa."

Aliiwasha kompyuta kwa kutumia flashi yake, akarudisha kerneli ya kawaida, akachomeka maiki. Kasi alisema, "Moja, mbili," na mstari wa kijani ukaruka kwenye skrini.

Lakini sauti ya mama ilikuwa imekwisha. Alichobaki nacho ni mnong'ono.

"Wanafunzi wanaanza mada hiyo kesho," alinong'ona. "Utasoma wewe."

Kasi akasoma. Alipokosea, mama alimgusa bega, naye akarudia. Kufikia ukurasa wa tisa mgongo ulimuuma na ulimi ukawa mzito. Zilibaki kurasa kumi na moja. Hakuomba kupumzika. Giza lilipoanza kuingia, alimaliza. Wakasikiliza mwanzo, katikati na mwisho. Sauti ilikuwapo yote.

"Mwanangu," mama alinong'ona, akiwa ameegemea kiti na kufumba macho, "kutaka kompyuta iende haraka si kosa. Kujifunza si kosa. Hata kuharibu nakusamehe, mama mdogo ametengeneza. Lakini uliposema ni waya, ulijua si waya. Niliposoma mara ya pili nilipoteza nguvu zangu bure, na nilizipoteza kwa sababu ulinyamaza. Ukiharibu kitu, sema mapema, kabla mwingine hajachoka kwa ajili yako."

"Nimekosa, mama. Nisamehe."

"Nimekwisha kukusamehe. Sasa niache nilale."