Nani Anasikia Baridi?

Mama fundi alishona huku jasho likimtiririka. Chumba kilikuwa kimoja tu. Cherehani ilikaa dirishani, pasi ya mkaa mezani, na mtoto wake wa miezi miwili kitandani. Kwenye kona alikaa mama mkwe, amejitanda shuka mbili na bado analalamikia upepo.

Mtoto, waliyemwita Bwana Mdogo, ndiye aliyekiona cha moto. Mama akisikia joto, anamvua. Bibi akisikia baridi, anamvika. Kutwa nzima ni vua, vika, vua, vika.

Siku hiyo bibi alimshika mtoto vidole, akavikuta vya baridi. Akamvika soksi na kofia, akamfunga blanketi zito. Mama fundi aliona haya kubishana na mkwewe, akaendelea kushona. Haukupita muda, mtoto akalegea, akakataa kunyonya. Uso ulikuwa wa moto. Mama akachanganyikiwa kabisa. Je, ni homa? Amfunike au amfunue? Hakujua ashike lipi.

Bahati nzuri, nesi jirani alikuja kuchukua sare yake. Alipitisha vidole nyuma ya shingo ya mtoto, akakuta jasho. Akamvua kofia na blanketi, akamsogeza mbali na pasi, akasema anyonyeshwe.

"Mikono na miguu ya mtoto mchanga hupoa upesi, isiwababaishe," alisema. "Gusa shingo au kifua. Mwili wake bado haujaweza kujipoza vizuri, wala kujipasha joto. Anawategemea nyinyi."

Akampima kwa kipimajoto, akaonya kwamba asipopoa, au akiendelea kukataa ziwa, waende kliniki mara moja. Taratibu joto likashuka. Mtoto akanyonya. Mama fundi akalia kwa furaha.

Bibi alijiinamia. "Kumbe nilikuwa namuua mjukuu wangu."

Nesi akamshika mkono. Akaeleza kwamba mwili wa mzee hutengeneza joto kidogo, ndiyo maana husikia baridi wenzake wakiloa jasho. Tena huchelewa kuhisi kiu, kwa hiyo anywe maji hata asipoyatamani.

Tangu hapo, hakuna anayemvika wala kumvua mtoto kabla ya kumgusa shingo. Pasi ilihamia kibarazani. Bwana Mdogo analala fofofo.

"Mimi nilisikia baridi kweli," bibi alimwambia mkwewe, "na wewe ulisikia joto kweli. Ila mwanangu, mwenye mwili hatukumuuliza."