Alama za Januari

Hebu niambie wewe unayesoma: umewahi kumpenda mtu mpaka ukamfundisha uongo, halafu uongo ule ule ukageuka kumtafuta yeye?

Benedicta alikuwa anamkanda kipa wa timu mashavu ya miguu, mikono imejaa mafuta hadi viwikoni, simu ikaita dirishani. Jumatano, saa nane mchana. Akaibana simu kwa bega.

"Bene." Ilikuwa sauti ya Jules, mchumba wake, iko chini kabisa. "Niko wapi?"

"Unaniuliza mimi? Si unakwenda kazini?"

"Taxi imenishusha. Naona geti ya bluu, naona malori. Najua ninaijua hii pahali, lakini njia imepotea mu kichwa."

"Kuna mlinzi hapo? Mpe simu."

Mlinzi akasema ni Mobeni, mtaa wa viwanda wa Durban. Mobeni hiyo hiyo ambako Jules alikuwa na mwaka wa pili akiandika mizigo ghalani, zamu ya mchana, siku tano kwa wiki.

"Keti kivulini, Jules. Usivuke barabara. Nakuja."

Kipa akainua kichwa. "Eish, sista, kuna nini?"

"Hakuna kitu," Benedicta akajibu, tayari anajifuta mafuta.

Sasa sikia ilivyokuwa. Jumamosi iliyopita Jules, akiichezea timu hiyo hiyo, aligongwa na mpira juu ya sikio. Na mpira wa magongo usiufikirie kama ule wa kupigwa teke. Huu ni mgumu kama jiwe, mdogo kama chungwa. Alianguka, akainuka, akacheka, akapiga makofi. Jumatatu daktari wa timu akampima: kumbuka maneno haya kumi, taja miezi kinyumenyume, simama mguu mmoja macho umeyafumba. Kisha akalinganisha na alama za Januari, maana kila Januari wachezaji hupimwa wakiwa wazima, ili wakigongwa ijulikane nini kimepungua.

"Sawa kabisa na za Januari," daktari akasema. "Huna tatizo."

Lakini alama za Januari zilikuwa za uongo. Jules alikosea makusudi, ili hata akigongwa alama zisionekane zimeshuka. Na aliyemfundisha kukosea ni Benedicta, tangu wako chuo, yeye nahodha wa wasichana, Jules winga wa wavulana. Wakati ule ulikuwa mchezo wa kuchekesha, wa kukwepa kukaa benchi. Chuo kikaisha. Benedicta akawa fizio, mtibu viungo wa klabu, Jules akaitwa Ubelgiji kwa majaribio. Na Januari hii aliyeshika karatasi ya kupima ni Benedicta mwenyewe. Jules alimkonyeza, akataja maneno matatu tu katika kumi. Benedicta akacheka, akaandika tatu, akaweka sahihi.

Alimkuta Mobeni amekaa juu ya tofali, kofia ameiweka magotini, viatu vyake vyeusi vimepigwa rangi vizuri kama kawaida yake.

"Kichwa kinauma?"

"Kidogo."

"Jules."

"Sana. Mwanga unanichoma. Jana nimetapika, maman hajui."

"Basi tunakwenda kwa daktari sasa hivi."

Jules akamshika mkono. "Kesho asubuhi anasaini karatasi yangu ya ruhusa ya kucheza. Jumamosi niko mu ndege. Bene, chérie, siku moja tu! Nikifika kule nitapumzika."

"Utapumzika vipi na umeitwa kucheza? Ukigongwa mara ya pili kabla hujapona, unaweza kufa uwanjani. Hilo nimelisomea."

"Na ile ya kukosea, ulisomea pia?"

Benedicta akaichukua kofia magotini pake, akamvisha.

"Ukisema ukweli, na wewe unapoteza kazi," Jules akaendelea, taratibu. "Wote wawili tunaanguka. Nyamaza tu."

Alimrudisha kwao, mtaa wa Point, kwa mama yake, Mama Cathy, mwenye saluni chini ya ghorofa. Walimkuta anasuka kichwa cha mteja huku anaongea na wateja watatu kwa pamoja.

"Muone huyu! Mutoto wa Bulaya!" Mama Cathy akapiga vigelegele, kitana mkononi. "Na belle-fille, mukwe wangu. Njo uone, Bene."

Akafungua sanduku. Koti zito lenye manyoya kwenye kofia, soksi jozi nane, na makayabu, samaki wakavu wa chumvi, yamefungwa magazeti, kisha mfuko, kisha mfuko mwingine, harufu isitoke.

"Banasema kule samaki iko baridi, haina chumvi. Mutoto wangu hatakula ile."

"Mama," Benedicta akaanza.

"Sema, mwanangu."

Jules alikuwa amesimama nyuma ya mama yake, anatikisa kichwa polepole: usiseme. Wateja wote wanamtazama Benedicta.

"Koti ni zuri," akasema.

Njia nzima kurudi Sydenham, kwa shangazi yake, alijisikia kama mtu aliyemfunga mwenzake mzigo mgongoni akamwambia aogelee.

Alhamisi, saa tatu asubuhi. Daktari wa timu, mama mwenye miwani ya kamba, alikwisha kufungua kalamu.

"Unajisikiaje, Jules?"

"Niko sharp, daktari."

Kalamu ikagusa karatasi.

"Usisaini," Benedicta akasema.

"Bene, hapana!"

"Alama za Januari si za kweli. Alikosea kwa makusudi. Mimi ndiye niliyemfundisha, na mimi ndiye niliyeziandika nikijua. Jana alipotea njia ya kazini. Anatapika."

Daktari akavua miwani. "Unajua umesema nini juu yako mwenyewe?"

"Najua."

Jules akainuka, akayumba, akashika meza. "Umeniuza," akasema. "Miaka nne tuko pamoja, na umeniuza mbele yangu." Akatoka, mlango akauacha wazi.

Klabu ilimsimamisha Benedicta kazi siku hiyo hiyo, mpaka baraza la taaluma limsikilize. Jules akapigwa picha ya kichwa, na picha ikatoka safi. Daktari akaeleza kwamba mtikisiko wa ubongo mara nyingi hauonekani kwenye picha; apumzike miezi mitatu, asishike gongo la mchezo. Lakini watu walisikia neno moja tu: safi. Ubelgiji wakamchukua mwingine.

Benedicta aliandika: "Jules, umekula? Kichwa vipi?" Hakujibiwa. Akaandika tena. Tiki mbili za bluu: amesoma.

Jumapili ikaingia kwenye simu sauti aliyorekodi Mama Cathy:

"Benedicta, picha iko safi. Safi! Mi nilikuita mutoto wangu. Sasa naelewa. Ulitaka kumubakisha mwanaume wako hapa, ukatafuta njia. Koti nimeliuza."

Aliisikiliza mara tano, ameketi ukingoni mwa kitanda na kiatu kimoja mguuni. Kilichomuumiza si ukali wa yule mama. Alikuwa anajiuliza kama ni kweli. Barua ya Ubelgiji ilipofika alisema hongera, akakata keki, akapiga picha, kisha akaingia bafuni akafungulia maji asisikike. Sasa hakujua, pale mbele ya daktari, aliyefungua mdomo alikuwa fizio au alikuwa mwanamke asiyetaka kuachwa.

Wiki ya tatu, asubuhi, shangazi akaita kutoka barazani: "Bene! Kuna mgeni wako, amevaa miwani ya jua kama msanii."

Jules alikuwa amekonda. Benedicta akamletea kiti, akakiweka pasipo jua.

"Nilirudi kwa daktari," Jules akasema. "Nimemwambia yote. Amenipima upya, sikudanganya. Maneno kumi, Bene. Nilikumbuka mbili. Nilijikaza mpaka jasho, mbili tu."

"Nisamehe."

"Ya kusema?"

"Hapana. Kusema ningesema tena. Nisamehe kwa kukufundisha. Nilikuwa naujua ubongo vitabuni, nikauchezea wako."

Jules akasogeza kiti karibu. "Mi pia nilijua. Sikuwa mutoto. Usibebe peke yako." Akavua miwani, macho yakamtoka machozi kwa mwanga. "Maman anasema ulitaka kunibakisha."

"Nimesikia."

"Nimegombana naye ju ya hiyo neno. Lakini sasa nakuuliza, na usinijibu kama fizio. Kama singegongwa, kama kichwa ingekuwa nzima, ulitaka niende?"

Ndani, shangazi akaacha kugongagonga sufuria. Benedicta alikuwa na majibu mazuri zaidi ya moja, yote amekwisha kuyatumia kwa watu.

"Hapana," akasema. "Sikutaka uende. Tangu siku ile ya barua. Niliogopa kusema, nikaona nitakuwa nimekuvunjia maisha, na sasa yamevunjika hata hivyo. Nilitaka ubaki Durban, Jules. Nilitaka unioe, ubaki na mimi."