Fundo Lisikazwe Mno

Alfajiri, Thoa na binamu yake Nhung humsaidia mama yake Thoa kufunga mchele wa kunata kwa majani ya mgomba. Mama huuchemsha, kisha huuza sokoni. Wasichana huenda hospitali. Wote wawili ni madaktari wapya.

"Nhung mwanangu, vifurushi vyako havipasuki chunguni," mama alisema. "Vya Thoa tunakula wenyewe."

Thoa alinuna. Nyumbani Nhung, hospitalini Nhung!

Hospitalini kuna chumba cha mazoezi. Humo madaktari wapya hushona ngozi ya nguruwe kabla ya kumgusa mgonjwa. Nhung alikwenda kila siku. Thoa hakwenda.

"Nimesoma miaka sita, leo nikashone nyama ya supu?" alisema.

Ijumaa ukaja mtihani wa kushona. Atakayeshindwa hataruhusiwa kumshona mgonjwa. Thoa aliichungulia mishono ya Nhung. Ilikuwa imelala sawasawa. Wivu ukamchoma. Akavuta uzi kwa nguvu, wa kwake ubane kuliko wa Nhung.

Muuguzi Diep, mwalimu wao, alivaa miwani akainama.

"Daktari, umeshona au umenyonga?"

Wenzake wakacheka. Nhung hakucheka, na hilo likamuudhi Thoa zaidi.

"Tazama ngozi ilivyojikunja," Bi Diep alisema. "Kwa mtu aliye hai, damu haitapita hapo. Nyama itakufa, kidonda kitaoza. Kingo zigusane tu, basi. Kesho jeraha litavimba. Liachie nafasi."

Livimbe? Thoa alikumbuka mchele wake. Nao huvimba chunguni, ukikosa nafasi hupasua jani.

Alishindwa mtihani. Jioni alisimama mlangoni pa jikoni.

"Nhung... nifundishe."

"Ngozi yako ya mazoezi ipo kwenye friji, dada. Nilikuwekea tangu Jumatatu."

"Ile? Nimeikaanga!"

Wakacheka mpaka machozi. Kesho yake wakanunua nyingine. Kwa wiki tatu Thoa alishona, akafumua, akashona tena, Bi Diep akimsahihisha. Mtihani wa pili akapita.

Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa muuza samaki aliyejikata kiganja. Baada ya siku kumi muuza samaki yule alirudi kutolewa nyuzi. Jeraha lilikuwa limefunga, kavu, halina usaha.

"Nani alikushona vizuri hivi? Nhung?" muuguzi mmoja aliuliza.

"Huyu hapa," mgonjwa alijibu, akimwonyesha Thoa.

Jioni mama alirudi kutoka sokoni na kapu tupu.

"Thoa, leo vyako havikupasuka, vyote vimeuzwa! Sasa sisi tutakula nini?"

Thoa alimtupia Nhung jicho.

"Vya Nhung," alisema.