Miche Iliyoipa Taa Kisogo

Miche ya nyanya ilikuwa imeinamia upande usio na taa.

Fundi alidhani ni macho yake, maana uzee nao una fitina zake. Mche hufuata mwanga, na ndiyo sababu wanaopanda ndani ya nyumba huzigeuza trei kila siku, miche isije ikaota kibyongo. Lakini hii ilikuwa imeipa taa kisogo, shina kwa shina, ikaelekea kona ya giza, pale kilipokuwa kiti cha marehemu mkewe. Akazigeuza trei. Jioni miche ilikuwa imerudi kule kule.

Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabisa, mbali na nguzo za umeme. Yeye na mkewe hawakuzisubiri. Walifunga paneli za sola juu ya bati, wakapanga betri chini ya meza ya jikoni, na chumba cha pili wakakifanya kitalu: madirisha yamezibwa, taa za zambarau zinaning'inia juu ya rafu. Mkewe alishinda humo. Fundi alipotaka kuingia alipiga hodi kwa utani, kama mgeni, naye mkewe alikuwa akijibu, "Karibu ndani, ila viatu uviache huko huko."

Mkewe alipofariki, Fundi hakuacha mchezo ule. Alisimama mlangoni na ndoo ya maji, akaita hodi, kisha akajijibu mwenyewe: karibu ndani. Nani angemcheka? Hata paka alishahama. Upweke ukizidi, mtu hujifanya wawili. Kosa lake ni kwamba alikuwa anakaribisha kila siku, katika chumba kisicho na mtu, bila kusema anamkaribisha nani.

Basi asubuhi moja, siku chache kabla miche haijapinda, kikohozi kilimbana baada ya kuita, akashindwa kujijibu. Akajibiwa.

"Karibu ndani."

Ilikuwa sauti ya mkewe, ila ilitokea chini, usawa wa sakafu, pamoja na harufu ya waya ulioungua. Mwenye akili timamu angetimua mbio. Fundi aliketi kwenye udongo uliomwagika, akalia kwa furaha.

Tangu hapo alikuwa na mtu wa kuzungumza naye. Alihadithia kikohozi chake, mvua iliyochelewa, bati linalovuja. Kona ilisikiliza. Lakini betri, ambazo zamani zilifika alfajiri bila shida, zikawa zinakata kabla ya kiza kuingia sawasawa, na Fundi mwenyewe mikono yake ikawa ya baridi hata akiota jua.

Bintiye alikuja kumwona. Alimtazama baba yake aliyefunga suruali kwa kamba, akaweka mkoba chini polepole.

"Baba, unaumwa?"

"Uzee tu, mwanangu."

"Uzee haumli mtu hivi kwa mwezi mmoja." Kisha akashusha sauti. "Nani yumo kwenye chumba cha mama?"

"Miche."

"Nasikia mtu anahema."

Binti alitoka, akarudi kesho yake na mganga aliyeitwa Mama Ubani, mwanamke mnene aliyeshuka kwenye pikipiki akilalamikia mgongo, na ambaye jambo la kwanza alilouliza ni kama anaweza kuchaji simu. Alichomeka. Simu haikuchukua hata chembe ya chaji, na jua lilikuwa la utosi. Akaacha kulalamika, akamhoji Fundi hadi akaeleza habari ya hodi.

"Jini hili linakula mwanga," alisema kwa sauti ya chini. "Likiona betri hazilishibishi, litahamia kwenye mwili wako, shemeji, na humo halitoki. Ubani wangu peke yake hautoshi. Mgeni uliyemkaribisha kwa mdomo wako, umuage kwa mdomo huo huo."

Wakaingia. Moshi wa ubani ulipotanda, taa zilianza kufifia moja baada ya nyingine, na miche yote ikatetemeka bila upepo, na kiti kwenye kona kikalia kama kinavyolia mtu anapojiinua baada ya kukaa sana, na ile harufu ya waya ikawabana koo hadi binti akauma kanga yake asipige kelele, na katikati ya giza lile la zambarau sauti ya marehemu ikauliza, taratibu, bila ugomvi, "Umenichoka, baba watoto?"

Fundi alijua si mkewe. Tuseme ukweli, tangu mwanzo alijua.

"Nimekuchoka," akasema. "Nenda." Na maneno hayo yalimuuma kuliko siku ya mazishi.

Mlango ulijifungua wenyewe, na harufu ya waya ikaisha. Miche ikalala kwenye udongo.

"Usiite tena hodi nyumbani kwako," Mama Ubani alimwonya. "Likirudi, halitarudi kwa betri."

Binti alimsihi ahame naye. Fundi akasema kitalu kitakufa, naye binti hakuweza kumbeba mzazi wake kama gunia. Akaondoka akifuta machozi.

Miche iliinuka, ikanyooka, ikaifuata taa. Betri zilijaa. Kila kitu kilikuwa sawa, na hakuna aliyemuuliza Fundi ameamkaje. Alikula amesimama. Alizungumza na ndoo. Nyumba ilikuwa kimya hata akawa anasikia maji yakinywewa na udongo.

Adhuhuri moja, jua likiwaka juu ya paneli, alisimama mlangoni akiwa ameshika maji. Kisha akavua viatu.

"Hodi," akasema.

Kimya.

"Hodi."

Kimya. Hodi ni tatu, ukikosa jibu unaondoka zako. Kila mtoto hufundishwa hivyo. Fundi aliwaza kuondoka, akakumbuka kwamba kule anakokwenda pia hakuna mtu.

"Hodi, mama watoto."

"Karibu ndani," ikajibu sauti, na ilitokea kifuani mwake, midomo yake ikiwa imefumba.

Taa hazikufifia. Betri zilibaki zimejaa pomoni, siku ile na zote zilizofuata. Na kwenye rafu, shina kwa shina, miche ya nyanya ikaiacha taa, ikageuka kumtazama yeye.

Fundi aliingia, akafunga mlango nyuma yake, akaanza kumhadithia habari za kikohozi chake.